Vidole Kumi na Saruji ya Ndiva

Stashahada yangu nimeitundika katika karakana yangu hapa Same, juu ya meza ya kufungulia pampu. Iko ndani ya fremu ya kioo ninayoifuta kila asubuhi, kwa sababu upepo wa Same hauna heshima kwa karatasi ya mtu. Ni stashahada ya mitambo ya maji, ya chuo cha ng'ambo. Sikuipata kwa mjomba wala kwa mbunge. Nililima tangawizi, nikabeba magunia ya tangawizi ya wenzangu, nikafundisha watoto wa watu hesabu, na chuo chenyewe nilikitafuta kwa simu iliyopasuka kioo. Katika kijiji chetu cha milimani, huku Upare Kusini, hajatokea mwingine aliyetoka vile na kurudi hivi. Nayasema haya waziwazi kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa wapo wanaopenda kusahau.

Lakini mteja akiisifia ile karatasi, macho yangu hushuka kwenye mikono yangu. Palikuwa na majuma ambayo elimu yangu yote ilikuwa kwenye ncha za vidole hivi, na ncha zenyewe hazikuwa na kitu.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Baba alitutoka nikiwa darasa la pili. Chuo kilifunga kwa likizo ndefu, kibali changu cha kutoka na kuingia kilikuwa hai, nikapanda ndege nikaja. Sikuja mikono mitupu. Nilikuja na jaketi la baridi, na viatu vya kazini vyenye chuma mbele, na glavu za ngozi za fundi zenye mshono wa njano, ambazo hakuna aliyewahi kuziona pale kwetu. Nilizitundika ukutani sebuleni ili kila mgeni azione.

Wiki ya pili nikapata barua pepe. Kijijini kwetu mtandao unashika juu ya jabali moja nyuma ya kanisa. Ukisimama upande wa bondeni unasoma, ukisogea hatua mbili unapoteza kila kitu. Nilisimama pale nikasoma mara nne. Kanuni zilikuwa zimebadilika. Wanafunzi wa mataifa kadhaa, letu likiwamo, waliokuwa nje ya nchi ile siku hiyo, vibali vyao vya kuingia havikutambuliwa tena. Waombe upya. Wafike wenyewe, waache alama za vidole, wahojiwe. Asiyekuwa darasani siku ya mwisho ya usajili, nafasi yake inafutwa.

Nikaangalia chini bondeni. Wanawake walikuwa wanavuna maharage kama jana, na moshi ulikuwa unatoka kwenye majiko kama jana. Hakuna aliyejua kwamba mtu aliyesimama juu ya jabali na jaketi lake zuri amefungiwa mlango.

Sikumwambia mama. Kwenye kundi letu la wanafunzi kila siku kulikuja habari mpya, na kila habari ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Mara tuliambiwa tufungue kurasa zetu zote za mtandaoni ili zikaguliwe. Nikakumbuka niliwahi kuweka picha nimeshika panga shambani, nikaandika chini yake, "Leo ni vita." Vita vya magugu! Nikaifuta. Kisha nikaogopa kwamba wataona nimefuta, watauliza nilikuwa naficha nini. Mara ikasemwa kuna orodha ya nchi inaandaliwa, na ikitoka kabla hujapewa kibali, hata miadi yako haikusaidii. Nilikuwa napanda kwenye lile jabali mara tatu kwa siku.

Miadi niliipata, ubalozini Dar es Salaam, siku kumi mbele. Ndani ya siku hizo baragumu la msaragambo likalia.

Kwetu maji ya chemchemi hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la mawe lililojengwa na mababu. Linajaa, kisha linafunguliwa, na mashamba yanapata maji kwa zamu. Ndiva ikipasuka, baragumu linapigwa na kila nyumba inatoa mtu kwenda msaragambo, kazi ya pamoja. Nyumba isiyotoa mtu inapoteza zamu yake ya maji. Mama alikuwa hawezi kukunja goti, na tangawizi yake ilikuwa na kiu. Nikachukua glavu zangu ukutani nikaenda.

Mzee wa maji, ambaye ndiye mwenye daftari la mahudhurio na mwenye neno la mwisho pale ndivani, aliandika jina langu bila kuniangalia. Lakini binamu yangu, mtoto wa mjomba, yeye aliniangalia vizuri.

"Jamani, njooni muone," akapaza sauti. "Shangazi yangu alizaa mtoto mwenye vidole kumi. Leo naona ngozi ya ng'ombe tu."

"Hizi ni za kazi," nikamjibu. "Kule fundi haruhusiwi kugusa saruji mikono mitupu."

"Kule! Saruji ya kule inang'ata?"

"Mwacheni mwenzenu," akasema mama mmoja aliyekuwa anachota mchanga. "Hiyo ni mikono ya kompyuta. Ikichubuka, nani atabonyeza?"

Ndiva nzima ikacheka. Hata mzee wa maji alicheka, na yeye hacheki ovyo. Na mimi, msomi wa mitambo ya maji, niliyetoka kuwaeleza watu wazima kwamba mchanganyiko wao una mchanga mwingi, nikaona siwezi kuchekwa juu ya maji. Nikavua glavu nikamrushia yule mama.

"Chukua, mama, ni zako. Mimi nilizaliwa na mikono."

Wakapiga makofi. Nilifanya kazi siku mbili. Nilikoroga saruji, nikaipiga ukutani, na kwenye kona ambako mwiko haufiki nikailainisha kwa vidole, nikisugua juu ya mawe mpaka ikakaa. Hakuna aliyenishinda. Upande nilioupiga mimi hauvuji hadi leo, na asiyeamini akaangalie. Siku ya pili jioni ngozi ilikuwa inawaka na kubanduka, na ncha za vidole ziling'aa kama ndani ya ganda la yai. Nilimwonyesha mama kwa fahari.

"Umefanya kazi," akasema.

Siku nne kabla ya miadi nilishuka Same kumnunulia mama dawa, nikapita kwa msichana anayesajili laini za simu chini ya mwavuli pale stendi. Laini yangu ya zamani ilikuwa imefungwa. Akanisogezea kile kimashine chenye taa nyekundu.

"Weka kidole, kaka."

Nikaweka. Kimashine kikalia.

"Futa jasho. Weka kingine."

Nikaweka kingine. Nikaweka cha mkono wa kushoto. Akaninyooshea kitambaa, akajaribu tena, kisha akanishika mkono na kuugeuza juani.

"Heh! Kaka, wewe huna alama. Vidole vyako vimefutika."

Alicheka, ndivyo alivyozoea kuwachekea wazee wanaokataliwa na kimashine chake. Mimi nilisimama pale na vumbi la mabasi likinipita, nikaviangalia vidole vyangu kama nimeviazima kwa mtu. Nikavisugua kwenye suruali. Nikavitia mate. Nikamwambia ajaribu tena, na tena.

"Kaka, kwani kuna nini? Si laini tu hii?"

Niliondoka bila laini, na dawa ya mama nikaisahau dukani, ikabidi nirudi.

Dar es Salaam nilikwenda hivyo hivyo, kwa sababu miadi haiahirishwi na asiyefika anahesabiwa amejitoa. Nilivaa shati jeupe, nikabeba bahasha yenye barua ya chuo na matokeo yangu ya mwaka wa kwanza, matokeo ambayo yangemfanya mtu yeyote akae vizuri kitini. Hakuna aliyeyaomba. Kijana wa dirishani, Mtanzania mwenzangu, aliniambia niweke vidole vinne juu ya kioo. Alama nyekundu. Akanipa dawa ya kufutia. Nyekundu. Vidole gumba. Nyekundu.

Akainama karibu na kioo, akashusha sauti.

"Ndugu yangu, umevichoma?"

"Kuchoma?"

"Wapo wanaochoma. Mtu amewahi kufukuzwa, hataki ajulikane, anachoma. Niambie ukweli mapema."

Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nikiogopa kwamba mashine haitaniona. Sasa niliona kwamba imeniona, na imeniona mhalifu. Nikaanza kumweleza habari za ndiva, na saruji, na baragumu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia naongea kama mwongo. Akaja ofisa wa kigeni. Akaniambia nigeuze viganja. Akavitazama kwa muda, akaandika maneno mawili au matatu kwenye karatasi ambayo sikuweza kuisoma, akaondoka.

"Umepewa nafasi moja tena," kijana akaniambia. "Wiki tatu. Ukishindwa, maombi yanafungwa. Na ukija, njoo na maelezo ya maandishi kutoka mamlaka ya kwenu."

Baada ya wiki tatu zile, zingebaki siku tisa kabla usajili wa chuo haujafungwa.

Nilirudi mlimani nikamwambia mama kila kitu. Hakulia, wala hakunilaumu. Alisema, "Lete hiyo mikono," akaishika juu ya goti lake zima, akaipaka mafuta ya nyonyo mpaka yakachuruzika, akaifunga kwa soksi nyeupe ninazovaa kanisani. "Hutashika jembe. Hutashika kuni. Hutashika maji ya sabuni. Ngozi ni kama mche, ukiuchokonoa hauoti."

Nikaenda kwa yule mama wa mchanga kuomba glavu zangu niziazime kidogo. Alikuwa amezivaa.

"Mwanangu, zawadi hairudi," akasema. "Tena zimenikaa."

Basi nikabaki na soksi. Na hapo ndipo kijiji kilipopata la kusema. Mtu aliyevua glavu ili asionekane ana maringo, sasa anatembea na soksi mikononi mchana kweupe. Kwenye msiba wa jirani nikaketi na wanaume, ugali na mlenda ukaletwa, nami nikatoa kijiko mfukoni. Mkeka mzima ukageuka kuniangalia.

"Mlenda kwa kijiko," binamu akasema. "Haya. Dunia imekwisha."

"Nina kidonda," nikasema.

"Kidonda gani kinachotaka kijiko?"

Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa bora kuliko wote kwenye mkeka ule kwa elimu, na nilikula kama mtoto anayeachishwa ziwa. Kila asubuhi nilifungua soksi mlangoni, kwenye mwanga, nikatafuta mistari. Siku ya sita hakuna. Siku ya tisa niliona kitu kwenye kidole cha pete, nikamwita mama, kumbe ni ukunjo. Usingizi ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nawaza: nikikataliwa, sitabaki tu kuwa mtu aliyeshindwa kurudi. Jina langu litaandikwa mahali fulani kwamba nilitaka kudanganya, na mlango huo utafungwa kwangu popote nitakapobisha. Na hapa nyumbani watasema alifukuzwa. Watasema kwa upole, na huo upole ndio niliouogopa zaidi.

Barua ya maelezo niliiomba kwa mtendaji wa kijiji. Akasema hawezi kuandika asichokiona, akamwita mzee wa maji na daftari lake. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee," nikavua soksi nikamwonyesha. Aliangalia, akacheka bila sauti, kisha akanionyesha vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa laini kama kokoto za mtoni.

"Hivi ni miaka arobaini ya ndiva," akasema. "Siku ya kujiandikisha kupiga kura, ile mashine ilinikataa mara tatu. Mafundi wote wa hapa inatukataa."

"Sasa mzee, mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza. Wewe ulikuja pale kutufundisha mchanga."

Mtendaji akachukua kalamu. Mzee akamwelekeza: "Andika, alihudhuria msaragambo siku mbili, jina lake hili hapa kwenye daftari. Andika, alikuwa na glavu, akazivua kwa kiburi chake."

"Mzee, hii ni barua ya serikali."

"Basi andika, kwa hiari yake."

Ikaandikwa hivyo, na kurasa za daftari zikanakiliwa. Wakahitaji shahidi. Nilidhani nitaishia kuomba huku na huku, lakini binamu yangu alikuja mwenyewe, akatia sahihi, na chini yake akaandika kwa mkono wake: mimi ndiye niliyemcheka. Mtendaji akataka kulikata hilo. Binamu akakataa. Kuanzia siku ile alikuwa anakuja alfajiri kumlimia mama tangawizi, anaondoka kabla sijamshukuru.

Miadi ya pili nilisafiri na mikono ndani ya soksi kutoka Same hadi Dar es Salaam, na abiria mwenzangu aliniuliza kama nimeungua, nikasema ndiyo. Niliifungua nje ya mlango wa ofisi. Mistari ilikuwepo, myembamba, kama mikwaruzo ya kuku kwenye vumbi. Sikujua kama inatosha. Ndani nilikuta dada mmoja Mtanzania dirishani. Alisoma barua ya mtendaji, akafika kwenye maneno ya binamu, akajizuia kucheka.

"Msaragambo," akasema. "Bibi yangu alikuwa akituambia. Weka mkono wa kulia."

Niliweka. Nikafumba macho, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

"Bonyeza, kaka. Usiogope, kioo hakivunjiki."

Kijani. Mkono wa kushoto ukakaa muda mrefu. Kijani. Kidole gumba cha kulia kilikataa mara mbili, na mara ya tatu akaniambia nikiviringishe taratibu kutoka ukucha mpaka ukucha, nami nikakiviringisha huku nikisema kila sala ninayoijua. Kijani. Ofisa wa kigeni aliniuliza maswali matatu tu, la mwisho likiwa kama nikimaliza nitarudi kwetu. Nikamwambia kuna ndiva inayonisubiri. Sijui alielewa nini.

Pasipoti ilirudi siku nne kabla ya usajili kufungwa. Nikaifungua nimesimama. Kibali kilikuwepo. Lakini kile cha kwanza kiliniruhusu kutoka na kuingia nipendavyo. Hiki kilisema kuingia mara moja. Hiyo nayo ilikuwa kanuni mpya. Nikitoka tena, nitaanza upya: miadi, kioo, taa, karatasi ya mtu anayeandika nisichoweza kusoma.

Nilipopanda kumuaga mama aliniuliza, "Krismasi utakuja?" Kila Mpare aliye mbali hupanda mlimani Krismasi.

"Nitakuja, mama."

Nilikuwa najua siji. Krismasi ile nilikaa chumbani, na iliyofuata pia. Kanuni zilibadilika tena mara mbili nikiwa kule, na kila zilipobadilika nilitazama vidole vyangu kwanza kabla ya kusoma. Sikwenda popote hata kuvuka mpaka kwa basi na wenzangu. Sikushika saruji bila glavu wala maji ya moto, na maabarani walinicheka. Nilimaliza nikiwa wa pili darasani. Ningekuwa wa kwanza kama ningekuwa nalala vizuri.

Niliporudi, mama alishuka mwenyewe mpaka stendi ya Same na fimbo yake. Nilikuwa na stashahada ndani ya bomba la karatasi begani, nikaitoa ili aione kabla hatujafika popote, na watu wa stendi nao waione. Nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinishika mkono wa kulia, akaugeuza juani kama alivyofanya yule msichana wa laini, akapitisha kidole chake juu ya vyangu kimoja kimoja, taratibu. Kisha wa kushoto. Alipofika kidole cha mwisho ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu," na hata hivyo hakuniachia.